UZI: Kabla hujasema "kuna mtu kafuta", soma daftari la NTFS

#1 – Mwenye uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule mjadala wa mafaili yaliyopotea niliahidi kurudi na maelezo ya kutosha kuhusu daftari la mabadiliko ya mafaili ambalo Windows hulitunza ndani ya NTFS, yaani mfumo wake wa kupanga mafaili diskini. Leo nimetulia. Uzi ni mrefu, wenye haraka mtanisamehe.

Nianze na kisa. Kuna ofisi moja ndogo ya akiba na mikopo huwa wananiita kuwaangalizia kompyuta. Siku ya kulipa mishahara wanafika asubuhi, folda ya MISHAHARA haipo. Ilikuwa inakaa diski D ya kompyuta moja, na kompyuta nyingine tatu zinaifikia kupitia mtandao wa ndani. Nilipoingia, kama saa 5 hivi, kijana wa mapokezi alikuwa ameshapewa karatasi aandike barua ya maelezo, kwa kuwa ndiye aliyezima kompyuta ile jana yake jioni. Kijana anaapa hajafuta kitu. Mikono inamtetemeka. Na pembeni yuko fundi mwingine, kaja na programu ya kufufua mafaili, anataka kuisimika pale pale kwenye D.

Nilimwomba asimame kwanza. Kuandika chochote kwenye diski unayotaka kuokoa kitu ndani yake ni kujimaliza, maana nafasi ya faili lililofutwa huhesabiwa iko wazi na chochote kipya kinaweza kuikalia. Nikachomeka flashi yangu, ikasoma E, nikafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, nikaandika:

```
fsutil usn queryjournal D:
fsutil usn readjournal D: csv > E:\usn.csv
findstr /i "MISHAHARA" E:\usn.csv
```

Nitarudi kwenye kilichotokea. Kwanza tuelewane hicho kilichosomwa ni kitu gani.

Madaftari ni mawili

NTFS ilitoka na Windows NT 3.1 mwaka 1993. Leo ndani yake mna madaftari mawili, na humu jukwaani naona tunayachanganya kila siku.

La kwanza linaitwa `$LogFile`. Hili ni la kupambana na umeme kukatika. Ukihamisha au kuunda faili, unaona tendo moja, lakini diskini zinaguswa sehemu kadhaa: mstari wa faili kwenye jedwali kuu liitwalo MFT, orodha ya majina ya folda, na ramani inayoonyesha vipande gani vya diski vimechukuliwa. Umeme ukikatika katikati, orodha inaweza kusema faili lipo huku ramani ikisema nafasi yake iko wazi, na kesho faili jingine likaandikwa juu yake. Kwa hiyo NTFS huandika kwanza kwenye `$LogFile` inachotaka kufanya na namna ya kukitengua, ndipo inagusa sehemu zenyewe. Kompyuta ikiwaka tena, daftari linasomwa: jambo lililokamilika linarudiwa kuhakikisha limefika diskini, lililoishia njiani linatenguliwa. Mtindo huu ulianzia kwenye hifadhidata za mabenki na mashirika, ambako fedha haiwezi kutoka akaunti moja isifike nyingine.

Hapo naomba mshike jambo moja. `$LogFile` linalinda mpangilio wa diski. Kurasa zako tatu za Word ambazo hukuzihifadhi halizijui kabisa.

La pili ndilo la uzi huu. Linaitwa `$UsnJrnl`, limekaa ndani ya folda ya mfumo `$Extend` ambayo hutaiona ukifungua diski kwa kawaida. USN ni namba ya mfuatano wa mabadiliko. Lilikuja na Windows 2000, na halina habari na umeme. Lilitengenezwa kwa ajili ya programu zinazotaka kujua nini kimebadilika bila kuzunguka diski nzima.

Chukulia programu ya bakapu. Diski ina mafaili laki 4, tangu jana yamebadilika 60. Bila daftari, programu itafungua kila folda, iangalie tarehe ya kila faili, laki 4 zote, diski inalia usiku kucha. Kukiwa na daftari, programu inasema tu: mara ya mwisho niliishia namba fulani, nipe kilichoandikwa baada yake. Inapewa, inanakili mafaili 60, inalala. Utafutaji wa Windows wenyewe unategemea daftari hili. Kunakiliana mafaili kati ya seva kwa DFS, huduma ya Windows ya kazi hiyo, hivyo hivyo. Na wale wanaotumia programu ya Everything wakashangaa inavyotoa majibu hujamaliza kuandika neno: inasoma MFT mara moja, halafu inafuata daftari hili kujua nini kimeongezeka na nini kimeondoka.

Mstari mmoja wa daftari

Nauchambua kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea kusoma.

Kila mstari una sehemu ya kudumu ya baiti 60, halafu jina la faili, kila herufi baiti 2. Faili `mishahara_mei.docx` lina herufi 18, yaani baiti 36. Jumla 96. Ndani ya hizo baiti 60 mna: namba ya faili, namba ya folda mzazi, namba ya USN, saa ya tukio, sababu, sifa za faili, na mambo mengine madogo. Saa yenyewe huhesabiwa kwa vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 1 Januari 1601, kwa saa za UTC. Programu yako ikikuonyesha UTC, ongeza saa 3 kwa sisi wa Afrika Mashariki. Usipofanya hivyo utamwambia mtu faili lilifutwa saa 8 mchana wakati lilifutwa saa 11 jioni, na kama alitoka kazini saa 9 umeshamwokoa au kumwangamiza kwa kosa la hesabu.

Sababu zinaandikwa kwa alama. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi:

```
0x00000001  data imeandikwa juu ya ya zamani
0x00000002  faili limeongezeka urefu
0x00000004  faili limekatwa, limepungua
0x00000100  faili limeundwa
0x00000200  faili limefutwa
0x00001000  jina la zamani
0x00002000  jina jipya
0x80000000  faili limefungwa
```

Alama hujumlishwa. Ukiona `0x80000102`, maana yake faili limeundwa, likaongezwa data, likafungwa. Na hapa kuna kitu kizuri: programu ikifungua faili na kuliandika mara 1,000 kabla ya kulifunga, hupati mistari 1,000. Kila sababu huandikwa inapotokea mara ya kwanza, zinakusanywa, na mstari wa mwisho unakuja faili likifungwa ukiwa na alama zote. Daftari linakwambia faili limeandikwa. Limeandikwa nini, mara ngapi, hilo halimo. Hakuna hata neno moja la yaliyomo kwenye faili lako ndani ya daftari hili, kwa hiyo msitegemee kurudisha waraka kutoka humo.

Namba ya faili ndiyo shahidi wako mkuu kuliko jina. Ina biti 64: biti 48 ni nafasi ya faili kwenye MFT, biti 16 za mwanzo ni mara ngapi nafasi ile imetumika. Faili likifutwa, nafasi yake ikapewa faili lingine, ile hesabu inapanda. Kwa hiyo mafaili mawili yaliyowahi kukaa nafasi moja bado unayatofautisha.

Na kwa nini nasema jina linadanganya? Tazameni Word. Ukibofya kuhifadhi, Word haikai ikaandika juu ya faili lako. Huandika toleo jipya kwenye faili la muda lenye jina kama `~WRD0000.tmp`. Kisha faili lako la zamani hupewa jina kama `~WRL0001.tmp`. Kisha lile jipya hupewa jina la faili lako. Mwisho la zamani hufutwa. Kwenye daftari utaona jina likibadilika, likibadilika tena, halafu alama ya kufutwa. Asiyejua atapiga kelele: "Faili limefutwa saa 4 na dakika 12!" Kumbe mtu kabofya kuhifadhi tu.

Jingine ni pipa la taka. Ukifuta kwa njia ya kawaida, NTFS haioni kufuta. Inaona kuhamishwa: `mishahara_mei.docx` linageuka kuwa kitu kama `$RK3T9QX.docx` ndani ya `$Recycle.Bin`, na pembeni yake linaundwa `$IK3T9QX.docx` linalotunza jina la awali na saa ya kufutwa. Alama ya `0x00000200` kwa faili lile inakuja pipa likimwagwa. Isipokuwa aliyefuta ametumia Shift, au amefuta kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao. Hapo faili halipiti pipani, linakwenda moja kwa moja.

Turudi ofisini

`findstr` ilinipa mistari mingi ya siku za nyuma, lakini ya jana yake jioni ilikuwa mitatu. Nimepunguza sifuri za mbele ili isomeke:

```
MISHAHARA  0x00001000  mzazi 0005000000000005
MISHAHARA  0x00002000  mzazi 0003000000001a2c
MISHAHARA  0x80002000  mzazi 0003000000001a2c
```

Saa 10 na dakika 52 jioni, mistari yote mitatu.

Jina la zamani MISHAHARA, jina jipya MISHAHARA. Jina halijabadilika hata herufi. Kilichobadilika ni mzazi. Ile namba inayoishia na 5 ni mzizi wa diski, na ni hiyo hiyo kwenye kila NTFS. Yaani folda ilitoka mzizini mwa D ikaingia kwenye folda nyingine. Na hakuna `0x00000200` popote kwa ile folda.

Nikauliza diski, huyu mzazi mpya ni nani:

```
fsutil file queryfilenamebyid D:\ 0x0003000000001a2c
```

Ikajibu njia ya folda ya skani za zamani, ambayo kwenye orodha ilikuwa jirani kabisa na MISHAHARA. Mtu aliburuta kipanya akiwa ameshika folda, akaachia juu ya jirani. Kila kitu kilikuwa mle ndani, kizima. Wao walikuwa wametafuta kwa kisanduku cha utafutaji wakiwa ndani ya folda ya nyaraka kwenye C, wakakosa, wakahitimisha.

Mngejiuliza mbona mafaili yaliyomo ndani ya MISHAHARA hayakuandika mistari yoyote. Ukihamisha folda ndani ya diski ile ile, NTFS haigusi watoto wake. Inabadili mstari mmoja tu wa nani ni mzazi wa folda. Watoto wanamjua mzazi wao, na mzazi wao ni yule yule. Ndiyo maana kuhamisha folda ya GB 50 ndani ya diski moja ni kufumba na kufumbua, na ndiyo maana ukitafuta jina la faili la ndani kwenye daftari hukuti dalili ya kuhama. Tafuta jina la folda.

Bosi akauliza swali alilokuwa akilisubiri: "Sasa ni nani?" Nikamwonyesha mstari mzima, safu kwa safu. Hakuna safu ya jina la mtumiaji. Hakuna jina la programu. Hakuna hata jina la kompyuta. Kompyuta nne zilikuwa zinaifikia ile folda saa 10 na dakika 52, na mkono ungeweza kuwa wa yeyote, bosi mwenyewe akiwemo. Nilimwambia hivyo mbele ya kijana, kwa heshima. Barua ya maelezo haikuandikwa.

Huu ndio msisitizo wangu wakuu. Daftari hili linasema nini, lini na wapi. Nani, halisemi. Ukitaka kujua nani, washa mapema ukaguzi wa mafaili kwenye kumbukumbu za usalama za Windows, tukio namba 4663 ndilo huandika jina la akaunti. Lakini ni mapema, kabla ya tukio. Halirudi nyuma.

Karibuni kwa maswali.

---

#2 – BintiTanga

Asante sana mkuu, nimejifunza. Mimi nina steshenari, kazi zangu nyingi ziko kwenye flashi za wateja. Juzi mteja kachomoa flashi yake wakati kazi bado inanakiliwa, alipoirudisha folda zimegeuka maandishi ya ajabu ajabu. Hilo daftari naweza kulisoma kwenye flashi?

---

#3 – Mwenye uzi

Dada, kwa flashi nyingi jibu ni hapana. Flashi huja zimefomatiwa FAT32 au exFAT, mifumo mingine ya kupanga mafaili, na hizo hazina `$LogFile` wala `$UsnJrnl`. Kuchomoa katikati ya kazi ni sawa na kukata umeme kwenye mfumo usio na daftari lolote: jedwali la mnyororo wa vipande linabaki nusu limeandikwa.

Ukiendesha `chkdsk`, amri ya Windows ya kukagua diski, na `/f` juu yake, vipande vilivyopotewa na mwenyewe hukusanywa kwenye folda iitwayo `FOUND.000`, mafaili ndani yake yanaitwa `FILE0000.CHK`, `FILE0001.CHK` na kuendelea. Majina yamekwenda, lakini yaliyomo yanaweza kuwepo. Ila kwa flashi ya mteja nisingeanza na `chkdsk`, kwa sababu inarekebisha pale pale kwenye flashi. Nakili kwanza flashi nzima kipande kwa kipande kwenye diski yako, ndipo uihangaikie nakala. Ukikuta CHK, fungua kwa programu inayoonyesha baiti. Likianza na `PK` kuna uwezekano mkubwa ni docx au xlsx, likianza na `%PDF` ni PDF. Libadili kiambishi (ile CHK mwishoni mwa jina) ulijaribu.

Na wateja waambie wasubiri uwaondolee flashi kwa njia ya usalama. Kwa FAT lile jambo ni la lazima.

---

#4 – Kandambili

Mkuu nimekuelewa ila napingana kidogo. Kuna video nyingi za kuongeza kasi ya Windows zinasema uzime hili daftari maana linaandika muda wote na linaua SSD. Nilizima kwenye mashine yangu kwa `deletejournal` na sijaona tatizo.

---

#5 – Mwenye uzi

Kandambili, nashukuru umelitaja, kwa sababu ushauri huo unasambaa sana.

Chukua ule mfano wa baiti 96. Unahifadhi waraka wa MB 2, daftari linaongeza mistari michache ya baiti mia mia hivi. Uwiano huo hauui SSD. Kinachoila SSD ni mafaili yenyewe na kumbukumbu ya muda ya vivinjari, na hivyo hujavizima.

Halafu angalia upande wa pili. Kila daftari lina kitambulisho chake. Ukilifuta na likaundwa jipya, kitambulisho kinabadilika, na kila programu iliyokuwa inalifuata inajua kwamba mfuatano umekatika. Inachofanya ni kurudi kuzunguka diski nzima upya. Utafutaji wa Windows, bakapu, zote. Umeokoa kilobaiti, umelipa kwa kusoma diski mwanzo hadi mwisho.

Na kuna jambo zito zaidi. Juni 2017, kirusi cha NotPetya kilipozuka Ukraine na kusambaa dunia nzima, moja ya amri zake za kufuta nyayo ilikuwa hii hii:

```
fsutil usn deletejournal /D C:
```

Iliambatana na kufuta kumbukumbu za matukio za Windows. Waliokitengeneza waliona daftari hili lina thamani kiasi cha kulitafuta na kulifuta. Kwenye seva ya ofisi, mtu akiendesha amri hiyo bila wewe kujua, ichukulie kama moshi unaotoka dirishani.

Nakuomba liwashe tena.

---

#6 – Mtaa_wa_Pili

Mimi niko Linux tupu, Debian. Nasikia ext4, mfumo wa mafaili wa huku kwetu, nayo ina "journal". Naweza kufanya alichofanya mkuu hapo juu, kusoma folda ilihamia wapi?

---

#7 – Mwenye uzi

Swali zuri, na jibu litakukera kidogo. Neno ni moja, vitu ni viwili.

Daftari la ext4 ni ndugu wa `$LogFile`, la umeme. Ext2 ya 1993 haikuwa nalo. Umeme ukikatika, `fsck`, programu ya kukagua diski, inapita diski yote, na kadiri diski zilivyokua ndivyo seva zilivyokaa chini kwa muda mrefu. Stephen Tweedie akaiongezea daftari, ikawa ext3, ikaingia rasmi kwenye kerneli (kiini cha Linux) toleo la 2.4.15 Novemba 2001. Uzuri wa kazi yake ni kwamba ext2 yako uliigeuza ext3 bila kufomati, kwa kuongeza daftari tu. Ext4 ikahesabiwa imekomaa kwenye 2.6.28, Desemba 2008.

Andika `ps aux | grep jbd2` uone. Utakuta kitu kama `jbd2/sda1-8`. Huyo ndiye karani wa daftari, na ile 8 ni namba ya ainodi, yaani kumbukumbu ya faili kwenye diski, ambamo daftari limekaa. Kwa kawaida anafunga hesabu kila sekunde 5. Namna ya kuandika ni tatu: `journal`, data na mpangilio vyote vinapita daftarini, salama na nzito, `ordered`, ambayo ndiyo ya kawaida, data inafika diskini kwanza ndipo mpangilio unafungwa, na `writeback`, mpangilio peke yake bila kujali data imefika au la. Kwenye hiyo ya mwisho, umeme ukikatika unaweza kukuta faili lako limebeba takataka za faili la zamani lililofutwa.

Kinachoandikwa humo ni nakala za vipande vya diski. Hakuna mstari unaosema "folda fulani imehama". Vikishafika mahali pake, nafasi inatumika tena, na siku yenye kazi nyingi historia ya dakika chache nyuma imeshafutika. Linux ina `inotify`, tangu kerneli 2.6.13 ya 2005, lakini hiyo inakuambia mabadiliko wakati yanatokea, na programu yako lazima iwe macho. Ikiwa imelala, tukio limepita. Kwa kazi kama ile ya ofisini ungehitaji `auditd`, huduma ya ukaguzi ya Linux, iwe imewekwa kabla, na hiyo kwa kweli inalishinda daftari la NTFS, maana inaandika na mtumiaji.

Nimalizie kisa kimoja cha ext4 kwa sababu kinafundisha mipaka ya daftari. Mwaka 2009 waliokuwa wanaijaribu kwenye Ubuntu walikuta mafaili ya mipangilio yana baiti 0 baada ya kompyuta kuganda. Daftari lilikuwa zima, diski haina kosa hata moja. Tatizo ni kwamba ext4 huchelewa kugawa nafasi kwa data mpya ili ipange vizuri, na programu zilikuwa zinaandika upya mafaili bila kuita `fsync`, agizo la kusukuma data diskini papo hapo. Jina jipya limeshafungwa daftarini, data bado iko kwenye RAM. Theodore Ts'o akaweka viraka vya kuziba hali hiyo kwenye 2.6.30. Mfumo ulikuwa sahihi kwa kanuni zake, na watu walikuwa wamepoteza mipangilio yao kweli.

---

#8 – FundiSimu

Mkuu, daftari la NTFS linakumbuka muda gani? Nina kesi ya mwezi mzima uliopita.

---

#9 – Mwenye uzi

Halipimwi kwa siku, linapimwa kwa ukubwa. `queryjournal` itakuonyesha ukubwa wa juu. Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 utakuta MB 32. Kwa mistari ya baiti 96, hizo ni kama mistari 349,000. Kompyuta ya kuandikia barua inaweza kukaa nayo wiki kadhaa. Kompyuta inayosasisha Windows na kuendesha antivairasi, C yake inazimaliza haraka zaidi. Diski D ya nyaraka huwa na historia ndefu kuliko C kwa sababu hiyo, na ndicho kilichoniokoa mimi.

Linavyojisafisha napenda sana. Halirudi mwanzo kuandika juu ya mistari ya zamani. Linaongezeka mbele tu, na namba ya USN ya mstari ni umbali wake kutoka mwanzo wa daftari. Likizidi kipimo, NTFS inaachia nafasi ya diski ya sehemu ya mwanzo, lakini umbali unabaki vile vile. Ni kama kitabu kinachochanwa kurasa za mwanzo bila kubadili namba za kurasa zilizobaki. Kwa hiyo namba ya USN inaweza kusoma mabilioni wakati daftari linakula MB 32 tu.

Kuliongeza hakuhitaji kulifuta. Amri ya kuunda ikikuta daftari lipo, inabadili kipimo tu na mistari inabaki:

```
fsutil usn createjournal m=268435456 a=8388608 D:
```

Hiyo ni MB 256. Kwa kesi yako ya mwezi, acha kabisa kuitumia hiyo diski, soma kwanza, uone mstari wa kale kuliko yote ni wa lini.

---

#10 – BintiTanga

Mkuu nimejaribu kwenye kompyuta ya steshenari. C imetoa namba nyingi, ila D inasema kosa 1179, daftari halijawashwa. Nikiwasha leo itaonyesha na ya wiki iliyopita?

---

#11 – Mwenye uzi

Hapana dada, linaanzia pale unapoliwasha. Tumia ile amri ya #9 kwenye D, kisha unda faili la majaribio kwa Notepad, andika neno, hifadhi, funga. Lihamishe kwenye folda nyingine. Lifute. Halafu soma daftari, umwage kwenye C au flashi, na ulitafute kwa jina. Utaliona likiundwa, likihama mzazi, likigeuka `$R` pipani. Tuma hapa mistari uliyoipata, ukiweka na namba za mzazi, tuisome pamoja.